Tableti Ikiuliza, Bonyeza Sawa

Emali,
4 Septemba 2024

Dada yangu Katunge,

Salamu zangu zikukute mzima, wewe na watoto na mbuzi waliobaki. Sisi huku tupo. Mke wangu Roselyne ameanza kuwauzia madereva wa malori chapati asubuhi, na sasa nyumba nzima inanuka mafuta. Mtoto ameota meno mawili na anauma kila mtu, mimi nikiwa wa kwanza. Msalimie Mwaitu, na umsomee barua hii hadi mwisho, maana mama yetu ukiruka mstari anajua.

Nimempa Nyamai, kondakta wa basi la Kitui, boksi lako. Ndani kuna tableti, kisanduku cheusi na waya mfupi. Ndicho kile chombo cha mto nilichokuambia. Vijana waliojenga bwawa la mchanga wameshanisimikia nguzo kule juu mtoni, penye mawe makubwa. Nguzo inapima maji na kutuma namba kwa redio. Kisanduku kinazipokea na kuzipitisha kwenye waya, moja baada ya nyingine, na tableti inazisoma. Namba ikipita mia moja, tableti inapiga honi kwenye spika za kanisa, na kila mtu aliye mtoni akichota maji kwenye mashimo ya mchanga anatoka mbio. Ofisi ya kanisa ina sola, na ufunguo unao wewe, kwa hiyo chombo kikae huko.

Sasa nisikilize. Tableti haiamini kitu kigeni. Kila ukichomeka kisanduku, itauliza kama unaruhusu programu itumie kifaa hicho cha USB. Chini kuna Ghairi na Sawa. Bonyeza Sawa. Usipobonyeza, haitasoma kitu, na mto unaweza kushuka na kwenda zake honi ikiwa kimya. Ukishabonyeza, usichomoe.

Jingine: Mwaitu ameacha kwenda mtoni? Lile tangi nililomnunulia lina maji?

Naziogopa mvua za mwaka huu. Sina sababu, naogopa tu.

Ni mimi kaka yako,
Kaloki


Zombe,
19 Septemba 2024

Kwa kaka Kaloki,

Tumepokea salamu zako na meno ya mtoto pia. Huku ni jua tupu, lakini hatulali njaa. Ndengu tulizobakiza tumezipepeta. Kanisani tulikuwa na semina ya matapeli wa simu, kwa sababu mama mmoja wa kwaya aliulizwa kitu na simu yake, akakubali, na pesa zote zikaenda. Mchungaji ametufundisha tuseme kwa sauti, kanisa zima: simu ikikuuliza usichokijua, kataa. Hata watoto wanaimba hivyo wakicheza.

Boksi limefika. Nimechomeka, tableti ikauliza, nikabonyeza Sawa kama ulivyosema. Lakini namba sizioni. Kinachoandikwa ni alama za ajabu tu, utafikiri kuku amekanyaga wino akatembea kwenye kioo. Tena chaji inaisha haraka. Nikichomeka waya wa sola inabidi nitoe kisanduku, nikichomeka kisanduku inabidi nitoe sola. Hii tableti ina mdomo mmoja tu. Nifanyeje?

Spika tumepewa, ila kwa sharti. Jumapili tableti itumike kuonyesha maneno ya nyimbo ukutani, halafu Musyimi, yule anayetunza vyombo vya kanisa, airudishe ofisini na kuchomeka kila kitu kama alivyokikuta. Ni mtu mwangalifu, unamjua. Hata maikrofoni anaifuta kabla ya kuifunga.

Mwaitu yuko hapa kando yangu. Anasema nikuandikie kwamba hajambo, na kwamba maji ya tangi yana chumvi hata chai ya maziwa inakatika. Anasema pia uache kununua vitu vya plastiki.

Dada yako,
Katunge


Emali,
30 Septemba 2024

Dada Katunge,

Nashukuru kwa habari, na pole kwa jua. Hapa vumbi la malori limeingia hadi kwenye sukari. Mtoto alikuwa na homa, sasa amepoa.

Hizo alama za ajabu si ugonjwa. Kisanduku kinazungumza kwa mwendo wake na tableti inasikiliza kwa mwendo mwingine, kwa hiyo haielewi hata neno. Fungua programu, mahali palipoandikwa mwendo, weka 9600. Namba zitatulia. Kuhusu chaji nimekutumia waya wenye midomo miwili: mmoja ni wa kisanduku, mwingine wa sola. Hutahitaji kuchomoa tena.

Ila hiyo habari ya Jumapili haijanipendeza hata kidogo. Mto haujui Jumapili. Kila chombo kikichomolewa na kuchomekwa, tableti itauliza upya, na lazima awepo mtu wa kubonyeza. Mwambie Musyimi awe mwangalifu na huo waya.

Nilikuuliza kitu kuhusu Mwaitu na hukunijibu. Ulinijibu kuhusu chai.

Jana jioni nilisimama nje ya duka langu nikaona mawingu mbali sana, upande wenu. Roselyne aliniita kula mara mbili sikumsikia. Nikipiga simu nitasikia sauti ya Mwaitu akisema hajambo, na atasema hivyo hata akiwa amesimama majini. Kwa hiyo niandikie wewe. Nijibu.

Kaloki


Zombe,
21 Oktoba 2024

Kaka Kaloki,

Natumaini mtoto amepona kabisa. Huku mvua imeanza kuchungulia, manyunyu ya jioni tu, na kila mtu yuko shambani. Mbuzi mmoja amezaa mapacha.

9600 imekubali. Namba sasa zinapita vizuri, saba, saba, nane, saba, na waya wa midomo miwili unachaji bila shida. Nilifurahi nikamwita Mwaitu aone. Alitazama akauliza kama hizo saba ndizo mto. Nikamwambia ndizo. Akasema mto wake hauna namba.

Lakini tumepata aibu. Siku ya soko ng'ombe wa mtu alijikuna kwenye nguzo yako, namba zikaruka, na honi ikalia. Watu walitoka mtoni mbio wakiacha ndoo na viatu, wanawake wakilia, halafu tukangoja na kungoja na hata tone halikuja. Sasa wananiita Mama Honi. Punda wetu ndiye alishtuka kuliko wote, alikimbia hadi nyumbani na kupasua mitungi miwili. Tangu hapo, hata Musyimi akijaribu spika kidogo tu, punda huyo anakata kamba.

Halafu kuna jambo silielewi. Kila Jumapili jioni nikiingia ofisini nakuta namba zimesimama. Kila kitu kimechomekwa, swali halipo, lakini hakuna kinachosogea. Nikichomoa na kuchomeka tena, inauliza, nabonyeza Sawa, inaendelea. Hiyo ni nini?

Sasa nakujibu, na Mwaitu asijue nimekwambia. Hajaacha mtoni. Hajaacha hata siku moja. Ana shimo lake la maji mchangani pale chini ya kona ya mto, mahali pale pale, na ukingo wa hapo ni mrefu. Ndiye aliyeshuka na punda siku ile ya soko. Nimemkataza, nimelia mbele yake, akaniambia mto ulimchukulia mume na hautamchukulia na maji. Na masikio yake sasa, Kaloki, nikimwita kutoka jikoni hanisikii.

Ndiyo sababu nilikujibu habari ya chai. Nilikuwa naogopa utakavyoogopa.

Katunge


Emali,
1 Novemba 2024

Katunge,

Salamu nitatuma siku nyingine.

Mtoe pale. Mfungie punda, ficha mitungi, fanya lolote. Mwambie nimesema mimi. Hakuna mahali pabaya kwenye mto ule kama hiyo kona, na yeye anajua, na wewe unajua.

Habari ya Jumapili imeninyima usingizi. Huenda mdomo wa waya umelegea kwa kuchomolewa mara kwa mara, na huo ndio unaonitisha, kwa sababu waya uliolegea haukwambii. Nimekutumia mwingine mpya. Nimekutumia pia kadi ndogo yenye programu niliyoibadilisha. Ukiweka hiyo, swali litakuja na kiboksi kidogo kinachosema itumike daima kwa kifaa hiki. Weka tiki hapo, bonyeza Sawa, na haitauliza tena. Fanya siku hiyo hiyo utakayopokea. Usingoje kesho.

Nijibu haraka.

Kaloki


Zombe,
12 Novemba 2024

Kaka,

Nakuandikia bila kupokea jibu lako. Nyamai hajaonekana wiki nzima, barabara imekatika mahali fulani kabla ya Kitui na mabasi yamelala huko. Mlingoti wa simu nao umezimika. Barua hii nampa mwalimu mmoja mwenye pikipiki anayejaribu kupita.

Nianze na la kwanza ili usisome ukitetemeka: Mwaitu yu hai. Soma sasa.

Jumapili tulitoka ibada mchana. Kwetu hakukuwa na tone, jua lilikuwa kali, ila kule milimani kulikuwa kumefunga, kweusi. Nilikuwa napika. Mwaitu alibadilisha nguo ya kanisa, akamchukua punda, akapita nyuma ya nyumba nisimwone. Nilipotoka kumwaga maji nikaona kamba ya punda iko chini. Sikushtuka sana, nilijiambia kuna honi. Kisha nikakumbuka ni Jumapili.

Nilikimbia ofisini. Tableti ilikuwa inawaka vizuri, kisanduku kimechomekwa, sola imechomekwa, waya umekunjwa kwa unadhifu kabisa. Na namba zimesimama. Nane. Nikachomoa, nikachomeka. Mikono ilikuwa na unga wa ugali na kidole hakikukubaliwa na kioo. Nikakifuta kwenye gauni. Swali likaja, nikabonyeza Sawa.

Namba ya kwanza iliyotokea ilikuwa mia moja na arobaini na mbili.

Honi ikalia juu ya kichwa changu. Sijui nilifikaje njiani. Nilikuwa nakimbia huku nikisema kwa sauti, hatasikia, hatasikia, na watu waliokaa dukani walinitazama, wengine wakacheka, "Mama Honi leo ng'ombe ni wa nani?" Niliwapita.

Kabla sijafika ukingoni nikamwona punda. Anapanda mbio, mtungi mmoja unaning'inia tumboni. Nyuma yake Mwaitu, kitambaa cha kichwa kimeanguka, fimbo mkononi, anamtukana punda maneno ambayo siwezi kuyaandika. Hakuwa amesikia honi, Kaloki. Punda ndiye aliyesikia. Mwaitu alikuwa ametoka shimoni kumfuata ampige.

Alikuwa ananiambia nimzuie punda. Nikamshika yeye. Tukasikia ule mngurumo, na hata yeye nafikiri aliusikia, kwa miguu. Akageuka. Maji yalikuja na miti mizima. Shimo, kata, mtungi wa pili, vyote vikaenda tukitazama. Mwaitu aliketi chini pale pale kwenye mavumbi na akanishika gauni. Tangu hapo anapika tu na kuzima moto na kuuwasha tena.

Jioni Musyimi alikuja. Nilimuuliza polepole, kila Jumapili ukichomeka, tableti inakuuliza nini?

"Inauliza kama naruhusu," akasema. "Mimi nakataa. Si tuliambiwa kanisani, simu ikiuliza kitu hujui, we kataa? Kila Sunday nimekataa. Nilidhani nalinda kanisa."

Akaketi, akalia mbele ya watoto wangu. Sikuweza kumkasirikia. Ile barua yako ya kwanza nilijisomea mwenyewe na Mwaitu, Musyimi sikumsomea.

Bado nakimbilia nje nikisikia mlango ukigongwa.

Katunge


Emali,
20 Novemba 2024

Katunge,

Barua yako imefika jana. Sikuweza kuifungua. Roselyne ndiye aliyeifungua, akasoma kwanza kwa sauti kwamba Mwaitu yu hai, kisha akaniwekea mkono begani akasoma iliyobaki.

Ngoja nikuambie niliyoyafanya kabla haijafika. Redio ilisema mito ya Kitui imevunja kingo na kuna watu hawajulikani waliko. Nikapiga simu, yule mwanamke akaniambia mteja hapatikani. Nikapiga tena na tena, nikamchukia yule mwanamke. Kesho yake nilifunga begi nikaenda stendi. Nyamai alikuwapo, basi lilikuwa linajaribu njia ya kuzunguka. Akaniambia panda, Kaloki, kuna nafasi mbele. Sikupanda. Nilikaa kwenye jiwe na begi magotini hadi wauza matunda wakafunga, kisha nikarudi nyumbani. Mke wangu alilipokea begi mlangoni.

Wewe ulikuwa mgongoni mwa Mwaitu siku ya baba, huwezi kukumbuka, na mimi sijawahi kukuambia. Baba alikuwa ndani ya shimo, mchanga ukimzidi kichwa, ananipa maji kwa kata na mimi namimina mtungini. Jua lilikuwa linawaka, kama Jumapili yenu. Nikamwambia, baba, kuna sauti. Akasikiliza. Kisha akasema, "Kimbia, usigeuke." Nikakimbia. Sikugeuka. Ni hapo kwenye kona.

Tangu siku hiyo, maji yakinguruma kwenye bomba naondoka chumbani. Ndiyo maana nilitengeneza kitu cha kusikiliza mto kwa niaba yangu, nikakituma kwenu kwa basi, nikabaki huku. Nilidhani nikiwa mbali nitaogopa kidogo. Kumbe nikiwa mbali naogopa zaidi.

Mwambie Musyimi simlaumu. Na honi yangu haikumwokoa Mwaitu, ilimshtua punda tu. Mnunulieni punda pumba.

Kaloki


Zombe,
30 Novemba 2024

Kaka yangu,

Pole kwa begi na jiwe la stendi. Sikulijua hilo la baba. Nimelisoma nikiwa peke yangu kwanza, nikakaa na barua mapajani hadi uji ukaungua.

Boksi lako la mwanzo wa mwezi limefika jana, na barua yako ya hasira ndani yake. Nimeweka programu mpya. Nimeweka tiki, Musyimi akiwa kando yangu, halafu yeye mwenyewe akachomoa na kuchomeka mara nyingi hadi akaridhika kwamba haiulizi tena. Mchungaji naye amesema madhabahuni kwamba tableti ya mto isichomolewe tena, Jumapili wala siku ya mazishi. Nyimbo tutaimba kwa vitabu. Hakuna anayeniita Mama Honi sasa.

Niliogopa kumsomea Mwaitu barua yako, lakini anajua ukiruka mstari. Nilisoma yote, kwa sauti ya juu, hata jirani akasikia. Nilipofika kwenye "usigeuke" aliniambia nirudie. Nikarudia. Akasema, "Sikujua kama alipata muda wa kusema neno." Miaka yote hii hakujua, Kaloki. Alikuwa akifikiri baba alikufa bila kusema kitu.

Asubuhi yake alimfunga punda mitungi. Nikasimama mlangoni. Akaniambia nisisimame mlangoni, nikakae na tableti. Nikaenda ofisini nikatazama namba, tisa, tisa, nane, sikupepesa macho, hadi nikasikia punda akipita uani. Mchanga ni mpya wote, anasema, na maji yako juu, hata kiwiko hakizami.

Chupa iliyo kwenye boksi hili ndiyo hayo maji. Amekuchotea yeye. Anasema, mwambie anywe. Mwambie haya siyo yaliyomchukua baba yake, yale yalishafika baharini.

Katunge


Emali,
5 Desemba 2024

Dada Katunge,

Salamu kwako, kwa watoto, kwa Musyimi na kwa mchungaji. Punda msalimie kwa jina langu. Mtoto amesimama peke yake juzi, akaanguka, akasimama tena.

Chupa ilikaa juu ya kabati siku mbili. Roselyne aliipangusa vumbi akairudisha pale pale. Leo asubuhi nimeyanywa, yote, nikiwa nimesimama dukani na mlango umefungwa. Yana ladha ile ile. Nilikuwa nimeisahau. Baada ya hapo nililia hadi mteja akagonga akauliza kama tumefunga.

Sijaacha kuogopa. Lakini tiketi nimeshakata, na Nyamai amesema nikikataa kupanda atanibeba mgongoni mbele ya watu. Nakuja Jumamosi. Mwambie Mwaitu asishuke mtoni Jumapili asubuhi bila mimi. Nitabeba kata, atanionyesha shimo, na nikimwambia kuna sauti apande bila kubishana.

Wewe usije nasi. Kaa ofisini mbele ya tableti, na Musyimi akae mlangoni asiingie mtu. Namba ikisimama, chomoa, chomeka, na ikiuliza, bonyeza Sawa. Usitoke hapo, Katunge, mpaka utuone sote wawili tumepanda.

Kaka yako,
Kaloki